Maua ya Nyumbani: Rangi Gani, Majira Gani?

Mwezi wa Juni, binti wa jirani yetu mmoja hapa Kinyala alikuja kutoka mjini kuwaona wazazi wake kabla ya harusi. Katika simu yake alikuwa na picha ya ukumbi uliopambwa kwa maua ya zambarau na vitambaa vya rangi ya fedha. "Mama," alisema, "hivi ndivyo ninavyotaka." Mpambaji wa mjini alikuwa amekwisha kutaja bei yake. Baba alipoisikia alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kwenda bandani kumtazama mtamba wake. Sote tulielewa. Bei ya mapambo na bei ya mtamba zilikuwa karibu sawa.

Wewe uliye mama unajua mtamba ni nini kwa nyumba ya Rungwe. Ni maziwa ya watoto, ni mbolea ya migomba, ni ada ya shule ya wadogo zake huyo bibi harusi. Jioni ile mama yake alitujia sisi majirani zake, akaketi jikoni bila hata kuvua kitambaa cha kichwani. "Nifanyeje, mama zangu?" alituuliza. "Nikikataa, mwanangu ataondoka kwangu na kinyongo. Nikikubali, tutauza mtamba kwa ajili ya maua ya siku moja."

Tutarudi kwa binti huyu na mama yake. Lakini kwanza tungependa kukushirikisha, mpendwa msomaji, mambo tuliyojifunza tulipokuwa tukilitafutia jibu swali lile. Maana hata kama huna harusi mwaka huu, una meza, una dirisha, una wageni, na huenda mlangoni pako pana maua ambayo hujayaangalia kwa muda mrefu.

BUSTANI TULIYOPEWA BURE

Wilaya yetu ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wetu ni wa volkano, zawadi ya Mlima Rungwe, ambao kilele chake kimefika karibu mita 2,960. Mahali ambapo ndizi, chai, kahawa na maparachichi hustawi hivi, ua nalo halihitaji kubembelezwa. Hata hivyo, nyumba zetu nyingi zina maua ya plastiki mezani, yamejaa vumbi, huku nje ya mlango maua hai yakichanua na kupukutika bila mtu kuyaona.

Upande wa mashariki wa mlima, ng'ambo ya mabonde, iko nyanda ya Kitulo, ambayo watu wa huku wameiita siku nyingi Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ilifanywa hifadhi ya taifa, nayo ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Zimehesabiwa humo aina 350 hivi za mimea, na kati yake okidi za ardhini aina 45. Mtu akipita Kitulo kati ya Desemba na Aprili, jambo moja humgusa: rangi zote zipo, nyeupe, manjano, zambarau, nyekundu ya moto, lakini hazigombani. Kwa nini? Kwa sababu kila rangi imezungukwa na kijani kingi. Hilo ndilo somo la kwanza. Katika shada lolote, usione haya kutia majani. Kijani ndicho kitambaa, na rangi nyingine ndiyo nakshi.

JIFUNZE KWA KHANGA YAKO

Akina mama wengi husema, "Mimi sijui kupanga rangi." Si kweli. Kila unapochagua khanga sokoni unapanga rangi. Itazame ile unayoipenda. Mara nyingi utaona rangi moja iliyotawala, rangi ya pili inayoisaidia, na ya tatu kidogo tu katika pindo au katika maandishi ili kuamsha macho. Ni nadra kuona khanga nzuri yenye rangi saba za ukubwa sawa.

Basi shada nalo liwe hivyo. Chagua rangi moja iwe kubwa. Tafuta ya pili iwe nusu yake au pungufu. Kama unapenda, ongeza ya tatu, matawi mawili au matatu tu.

Rangi zenyewe zina jamaa zake. Nyekundu, manjano na bluu ndizo mama, nyingine huzaliwa kwa kuchanganya hizo. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Manjano na bluu huzaa kijani. Bluu na nyekundu huzaa zambarau. Zilizo jirani, kama manjano, chungwa na nyekundu, zikikaa pamoja huleta hali ya utulivu wa kindugu. Zinazopingana, kama zambarau na manjano, au bluu na chungwa, zikikaa pamoja kila moja huifanya nyingine ing'ae zaidi. Hizo zinafaa pale unapotaka mgeni aone ua tangu mlangoni, ila moja iwe nyingi na nyingine chache, la sivyo macho huchoka.

Nyeupe ni mpatanishi. Ukiwa na maua mawili yasiyoelewana, tia meupe katikati, na ugomvi utakwisha.

MAJIRA YA MVUA: NOVEMBA HADI MEI

Huu ndio wakati wa wingi. Dalia huchanua kwa rangi karibu zote isipokuwa bluu. Gladiola husimama kama mikuki, nyekundu, pinki na nyeupe. Agapanto hutoa vichwa vya bluu na vyeupe, hasa kuanzia Desemba hadi Februari. Na haidranjia, lile ua la kichwa kikubwa kama kabichi, hujaa kando ya nyumba.

Tuseme neno juu ya haidranjia, maana wengi wetu tumeuliza kwa nini tukileta tawi lenye maua ya pinki kutoka kwa ndugu wa mkoa mwingine, hapa kwetu linageuka kuwa la bluu. Jibu liko ardhini. Udongo wenye asidi nyingi huliwezesha ua hili kunyonya madini ya aluminiamu, na madini hayo hulitia bluu. Chai nayo hupenda udongo wa namna hiyo, ndiyo maana nchi yetu ya mashamba ya chai ni nchi ya haidranjia za bluu. Ukitaka za pinki, punguza asidi: nyunyiza chokaa ya shambani au majivu ya jikoni kuzunguka shina mara kwa mara, kidogo kidogo, na ungoje hadi msimu unaofuata. Ukiona kichaka kilicho karibu na jalala la majivu kina maua ya pinki wakati ndugu yake wa upande wa pili ni wa bluu, sasa unajua sababu. Zile nyeupe hubaki nyeupe kwa vyovyote.

Wakati wa mvua nyumba zetu huwa na giza la ukungu, na mara nyingine jua halionekani siku tatu. Kwa hiyo ndani ya nyumba tumia rangi za joto: dalia za manjano na za chungwa, na nyekundu kidogo. Bluu ya haidranjia ni nzuri barazani na karibu na dirisha, lakini ukiiweka pembeni mwa chumba chenye giza itaonekana kama kijivu.

Na kwa Krismasi? Gladiola nyekundu, agapanto nyeupe na matawi ya msindano yanatosha kuifanya meza iwe na sikukuu.

MAJIRA YA BARIDI: JUNI HADI AGOSTI

Hapa ndipo akina mama wengi hukata tamaa. Dalia zimekauka, haidranjia zimekuwa rangi ya nyasi, na asubuhi mikono inakufa ganzi. Lakini ni wakati huu huu ambapo poinsetia huwaka. Ni ule mti mdogo ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu, na watu wengi hudhani ndiyo maua. Maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya manjano vilivyo katikati.

Poinsetia asili yake ni Mexico. Joel Poinsett, balozi wa Marekani huko, aliipeleka kwao katika miaka ya 1820, na jina limetokana naye. Katika kadi za Krismasi za Ulaya na Marekani huiona imechorwa nyekundu, na baadhi yetu tumewahi kuulaumu mti wetu kwa kubaki kijani siku ya Krismasi. Mti hauna kosa. Poinsetia husubiri usiku mrefu ndipo igeuke. Kule kaskazini usiku mrefu ni wa Desemba, lakini sisi tulio kusini mwa ikweta usiku wetu mrefu ni wa Juni. Hivyo wekundu wake kwetu ni wa kipindi cha harusi, baada ya mavuno. Wenzetu wa Pwani hawana shida hiyo, kwani wao wana mkrismasi, mti mkubwa uwakao nyekundu mwezi Desemba wenyewe.

Pamoja na poinsetia, yapo maua meupe ya kala, yenye umbo la faneli, ambayo hupenda kingo za vijito na mahali penye majimaji. Yapo pia mawaridi kwa aliyeyatunza. Nyekundu, nyeupe na kijani cha jani la feni: hiyo ni meza kamili, wala hujatumia hata shilingi.

KIANGAZI: SEPTEMBA NA OKTOBA

Jua huwa kali, vumbi hupanda, nyasi huwa kahawia. Mijini mijakaranda humwaga zambarau barabarani, na sehemu zenye joto bogenvilia hujaa kwenye nyua. Macho yaliyochoshwa na jua hupenda rangi za baridi: zambarau, bluu, nyeupe na kijani kingi. Kama maua ni haba, tumia majani peke yake. Jani moja changa la mgomba lililokunjwa vizuri, au shina la mwanzi lenye majani, ni pambo la heshima.

Huu pia ni wakati wa maua makavu. Vichwa vya haidranjia vikikatwa vimekomaa, vikaning'inizwa vichwa chini mahali pakavu penye kivuli, hubaki na rangi tulivu kwa miezi. Vilevile yale maua madogo ya milimani yenye petali kama karatasi, ambayo hata yakikauka hayanyauki. Rangi za maua makavu ni za upole, kwa hiyo yaweke kwenye chungu cha udongo au kikapu, si kwenye chombo cha kioo kinachong'aa.

TAZAMA CHUMBA KWANZA

Kabla ya kuchuma, simama mlangoni utazame ukuta. Nyumba nyingi za kwetu ni za tofali za kuchoma. Kama ukuta haujapigwa lipu, maua mekundu yatapotea mbele yake. Weka meupe, ya manjano au ya bluu. Kama ukuta ni mweupe, nyekundu na zambarau zitang'aa, na nyeupe itahitaji majani mengi nyuma yake.

Tazama pia vitambaa vya kufuma vilivyo juu ya viti na meza. Kama kitambaa kina rangi nyingi, ua liwe la rangi moja. Kama ni cheupe tupu, hapo una uhuru wote.

Fikiri tena juu ya taa. Kwa anayetumia chemli au mshumaa, mwanga wake ni wa manjano. Bluu na zambarau huonekana nyeusi usiku. Kwa chakula cha jioni chagua nyeupe, manjano au pinki nyepesi.

Mwisho, shada la meza ya chakula liwe fupi, watu waweze kuonana usoni wanapozungumza. Tena lisiwe na harufu kali, lisije likashindana na mchuzi wako.

RANGI NA TUKIO

Walio katika makanisa yenye kalenda ya rangi wanajua: zambarau ni ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ni ya Krismasi na Pasaka, nyekundu ni ya Pentekoste, na kijani ni ya zile Jumapili nyingi za kawaida. Ukipewa zamu ya kupamba, muulize kwanza mchungaji au mzee wa kanisa ni kitambaa gani kitakuwa mezani, kisha chagua maua yatakayokisaidia badala ya kushindana nacho.

Katika msiba wengi hupendelea nyeupe. Hata hivyo si sheria. Tumewahi kumzika mama ambaye maisha yake yote alipenda dalia za chungwa, na watoto wake walimfanyia shada la dalia hizo hizo. Hakuna aliyeona ni kosa. Waulize wafiwa kwa upole: "Mama alipenda ua gani?" Swali hilo lenyewe ni faraja, maana huwapa nafasi ya kumtaja.

Rangi na maua havina maana moja duniani kote. Huko Ufaransa krisanthemamu ni ua la makaburini, hupelekwa huko mwanzoni mwa Novemba, wala si zawadi ya kumpelekea mwenyeji wako. Katika sehemu nyingi za Asia nyeupe ni rangi ya msiba.

Na iko habari ya Anna Jarvis, mwanamke wa Marekani. Tarehe 10 Mei 1908, katika mji wa Grafton, West Virginia, ilifanyika ibada ya kuwaheshimu akina mama, naye alipeleka kanisani maua meupe ya karnesheni 500, kwa sababu ndilo ua lililopendwa na marehemu mama yake. Hivyo ndivyo Siku ya Mama ilivyoanza, na mwaka 1914 ikawa siku rasmi nchini humo. Baadaye ilikuwa desturi kwamba aliye na mama hai huvaa ua jekundu au pinki, na aliyefiwa huvaa jeupe. Lakini wafanyabiashara walipoanza kupandisha bei za maua na kadi, Jarvis mwenyewe aliipinga biashara hiyo kwa nguvu hadi mwisho wa maisha yake. Alitaka mtu amkumbuke mama yake. Hakutaka mtu aingie gharama.

YACHUME VIZURI YADUMU

Chuma asubuhi na mapema au jioni, kamwe si saa sita mchana. Nenda shambani na ndoo yenye maji, utumbukize kila shina mara tu ulikatapo. Tumia kisu kikali, ukate kwa mshazari. Ondoa majani yote yatakayozama majini, kwa sababu huoza na kuyachafua maji.

Dalia lichume likiwa limefunguka, kwa kuwa tumba lake halitafunguka tena chomboni. Gladiola ni kinyume: lichume pale maua mawili ya chini yanapoanza kuonyesha rangi, na mengine yatafunguka moja baada ya jingine kwa siku kadhaa. Waridi lichume likiwa tumba lililolegea kidogo. Haidranjia likinyauka usilitupe. Lizamishe kichwa kizima katika beseni la maji kwa nusu saa, na mara nyingi litafufuka.

Badilisha maji kila siku, na kila baada ya siku mbili ukate tena ncha za mashina. Kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya limau katika lita moja ya maji husaidia. Usiweke chombo karibu na ndizi zinazoiva: ndizi hutoa hewa inayoharakisha maua kuzeeka. Kwa sisi wenye mikungu jikoni, hilo si jambo dogo.

TAHADHARI KWA WENYE WATOTO

Ua zuri si lazima liwe salama. Kala likitafunwa huunguza mdomo na koo. Utomvu mweupe wa poinsetia huwasha ngozi na macho. Ule mti wenye maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta una sumu kali katika kila sehemu yake, na vivyo hivyo olianda ya uani. Ile mimea ya porini itambaayo, yenye ua jekundu lenye kingo za manjano kama miali ya moto, ina kiazi chenye sumu inayoweza kuua. Panga mashada yako mahali ambapo mtoto hafiki, nawa mikono ukimaliza, na uwafundishe watoto wasitie ua lolote mdomoni. Akilitafuna, mwahishe kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

Yapo pia maua ambayo hatuyachumi. Ua la kahawa, jeupe na lenye harufu tamu, ni kahawa ya kesho. Pareto ya milimani ni fedha ya mwenye shamba. Na okidi za Kitulo ni marufuku kuchumwa hifadhini. Kwa miaka mingi viazi vya okidi vilichimbwa katika nyanda hizi na kupelekwa kuuzwa Zambia, ambako hupikwa na kuwa chakula, na sehemu nyingi zilibaki mashimo matupu. Okidi iliyong'olewa kiazi chake hairudi. Tuiache watoto wetu nao waione.

HARUSI ILIKUWAJE?

Sasa turudi kwa jirani yetu. Siku ya pili tuliketi na binti, tukamwomba atuonyeshe ile picha. Mmoja wetu alimuuliza, "Mwanangu, hapa hasa unapenda nini? Ni zambarau?" Aliitazama kwa muda. Kisha akasema polepole, "Napenda kuona kila kitu kimepangwa. Marafiki zangu watatoka mjini, mama. Sitaki waone aibu ya kwetu."

Mama yake aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesema neno. Tuliona kwamba jambo lenyewe halikuwa rangi.

Alfajiri iliyofuata tulimwita twende naye kijitoni. Kulikuwa na baridi na ukungu, na kala zilikuwa zimesimama majini, nyeupe, makumi kwa makumi. Alikuwa amepita hapo miaka yote ya utoto wake akienda kuchota maji. Alisimama. "Mjini hili huuzwa moja moja," alisema. Kisha akavua viatu, akaingia majini, akaanza kuchuma.

Tulikubaliana hivi. Zambarau ingekuwamo, lakini katika vitambaa na utepe, ambavyo vilinunuliwa kwa mita na kushonwa na fundi wa hapa hapa. Maua yangekuwa meupe, pamoja na majani ya feni. Poinsetia alizikataa mwanzoni, akisema nyekundu itaua zambarau, naye alisema kweli. Kwa hiyo tuliziweka langoni peke yake, kati ya migomba miwili, mbali na kitambaa.

Wiki moja kabla tulifanya jaribio, na ilikuwa vema tulifanya. Poinsetia zote zilinyauka kabla ya jioni. Mama mmoja mzee ndiye aliyetufundisha: utomvu ukiendelea kutoka, tawi hufa; choma ncha ya shina kwa moto sekunde chache mara tu unapokata, kisha litie majini. Tulifanya hivyo siku ya harusi, nazo zilisimama hadi usiku.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Feni tulizozifunga jana yake upande wa jua zilijikunja, na tulizibadilisha wageni wakiwa wamekwisha kuanza kuingia. Utepe mmoja ulichukuliwa na upepo. Lakini wale marafiki wa mjini tuliwakuta wamepanga foleni langoni, kila mmoja akitaka kupigwa picha kati ya poinsetia. Baba wa binti alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akiwatazama. "Ndaga fijo," alituambia tu, akaenda zake kuwapokea wakwe.

Mwezi wa Februari mtamba alizaa ndama jike. Wadogo zake bibi harusi wako shuleni.

Na binti mwenyewe? Alipokuja kuwasalimu wazazi wake, alipitia kijitoni, akachimba mizizi mitatu ya kala yenye udongo wake, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alisema ataipanda kwenye kopo barazani kwake, akiimwagilia kila siku kwa kuwa kule hakuna kijito. Mama yake alimsindikiza hadi barabarani akiwa ameubeba mfuko ule yeye mwenyewe, na hakumpa hadi gari lilipofika.

Nawe, mama mwenzetu, kesho asubuhi kabla hujaenda shambani, zunguka nyumba yako mara moja. Angalia kuna rangi gani. Kata matawi matatu ya rangi moja, ongeza majani, na utie maji kwenye jagi ulilo nalo. Liweke mahali ambapo walio nyumbani watakaa, hata kama siku hiyo hutarajii mgeni.